Ua la Karibu na Mpini

Jioni ile nilikuwa natoka kuchukua kahawa mbovu.

Msicheke. Kahawa mbovu ndiyo kazi yangu. Bariki, muuza kahawa wa karibu na soko la Ujiji, huniwekea kwenye dumu mabaki ya birika zake za siku nzima, kahawa ya Kalinzi iliyochemka mpaka ikawa chungu kama dawa ya minyoo. Mimi huenda kuichukua jua likianza kushukia upande wa Kongo. Wapo wanaosema mke wa Pazi amerogwa, anakunywa dumu zima la kahawa peke yake. Niliacha kuwajibu zamani. Mtu asiyejua kazi yako mwache na umbea wake, nao ni kazi.

Mume wangu Pazi ni mhunzi. Anafua visu vya maua. Anachukua kipande cha springi ya lori na kipande cha msumeno wa mashine ya mbao, anavipanga kimoja juu ya kingine, anavichoma mpaka vinakaribia kuyeyuka, anavigonga vishikane. Kisha anakunja, anagonga, anakunja tena, anasokota. Kazi ya kuunganisha huifanya alfajiri, kwa sababu jua la mchana linadanganya rangi ya moto. Akimaliza, anakupa kisu cha kijivu kisicho na uzuri wowote. Hapo ndipo ninapoingia mimi. Nakisugua kwa msasa, nakilaza kwenye karai la kahawa niliyotia siki na maji ya betri kidogo, nasubiri. Springi inakuwa nyeusi. Msumeno unabaki mweupe. Pale weusi na weupe vinapokutana, maua yanatokea, mawimbi, mizunguko kama ile ya juu ya maji ukitupa jiwe. Sisi tunaita kukiamsha kisu. Wageni wanaokwenda Gombe kuangalia sokwe wanavigombea, na wanawake wa samaki pale Kibirizi wanavitaka kwa maringo tu, maana mgebuka hajali amepasuliwa na kisu gani.

Pazi anafua, mimi naamsha. Nina majivuno na kazi yangu, sifichi. Na majivuno hayo ndiyo yaliyomuua mwanangu.

Acha niseme wazi, nimechoka kulibeba.

Mwanetu aliitwa Abdulkarimu. Tulimpata mwaka wa tisa wa ndoa, wakati hata mama mkwe alikuwa ameshaacha kuuliza. Wiki niliyojifungua, Pazi alifua kisu cha kulala chini ya mto wa mtoto. Huku kwetu mtoto ambaye hajafika arobaini hakai bila chuma. Ukitoka hata kwenda msalani, chuma kinabaki naye, ili wale wasiotajwa wasimsogelee. Wengine wanaweka mkasi, wengine msumari wa nchi sita. Karimu wetu aliwekewa kisu kizuri kuliko vyote tulivyowahi kutengeneza, na mimi mwenyewe, mzazi wa siku nne, nilikaa kwenye kigoda nikakiamsha.

Siku ya thelathini na nane, adhuhuri, Pazi aliingia kumwona mwanawe. Akakichomoa kisu, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akakirudisha. "Mama Karimu," akasema, "ua la karibu na mpini limefifia. Mkono umezeeka." Akacheka, akaenda zake kwenye kiwanda.

Sikutulia tena. Nilinyonyesha nikiwaza ua. Nilikula nikiwaza ua. Jioni, mtoto alipolala, nikakichomoa kisu nikaenda nacho kwenye karai. Dakika kumi tu, nilijiambia. Nikainama pale nikifurahia weusi unavyokolea, mwanangu akiwa peke yake chumbani bila hata sindano.

Niliporudi alikuwa ameshapoa.

Kabla sijapiga kelele, nilifanya jambo moja. Nilikirudisha kisu chini ya mto, kikiwa bado kinadondosha kahawa. Ndipo nikapiga kelele.

Bi Hadija, shangazi yake Pazi, ndiye anayeosha maiti wa kike na watoto mtaani kwetu. Alifika, akamlaza mtoto vizuri, akamfunika shuka jeupe, akakitoa kisu chini ya mto akakiweka juu ya tumbo, kama inavyofanywa, tumbo lisijae. Alipokiondoa wakati wa kuosha, shuka lilikuwa limepigwa chapa. Maua meusi, mstari kwa mstari, mpaka lile la karibu na mpini. Bi Hadija akalitazama shuka. Akanitazama mimi. Akalikunja shuka likawa dogo, akaliweka kwapani.

Pale zahanati walituambia watoto wachanga wakati mwingine huacha tu kupumua usingizini. Pazi aliitikia kwa kichwa. Mimi nilikifunga kisu kwenye kanga, nikakitia chini kabisa ya sanduku. Tangu siku hiyo Pazi hakuniita tena Mama Karimu. Aliniita Mwanvua, kama nilivyoitwa kwetu kabla ya kuolewa, na kila akiniita ilikuwa kama ananirudisha nyumbani.

Ilikuwa imepita mwaka mmoja, jioni ile nilipokuwa narudi na dumu langu.

Kiwanda chetu kiko uani, mlango wake unatazama njia ya kuteremkia ziwani. Mbele ya mlango Pazi amemwaga mavi ya chuma, yale mabonge meusi yanayobaki kwenye moto, wateja wasikanyage tope. Mwanamke alikuwa amesimama pale yanapoishia. Alikuwa ametanguliza mguu mmoja, kama mtu anayejaribu maji kama ni ya baridi. Hakukanyaga.

"Mwiriwe," alisema. Salamu ya jioni na lafudhi ya kule juu, Kagunga au ng'ambo ya mpaka.

"Karibu, dada. Fundi yuko msikitini."

"Sikumfuata fundi."

Alikuwa na mbeleko mgongoni. Mbeleko tupu. Kitambaa kilikuwa kimelala bapa, hakina kitu, lakini mkono wake ulikuwa nyuma ukiipigapiga, taratibu, vile tunavyombembeleza mtoto asishtuke. Harufu yake ilinifikia. Makaa yaliyomwagiwa maji.

"Kile cha sandukuni," akanong'ona. "Kinakauka."

Dumu likanitoka mkononi.

"Hakiuzwi," nikasema. Ndilo neno pekee lililonijia, neno la dukani.

"Sinunui. Kiamshe tu... umsikilize."

Nikainama kuliokota dumu, kahawa isimalizike yote. Nilipoinuka hakuwepo. Njia yote ya ziwani ilikuwa nyeupe, hakuna mtu, na jua lilikuwa bado halijazama.

Mwenye akili angekimbilia kwa jirani. Mimi nilikimbilia sandukuni. Niiteni mjinga mpendavyo. Mwanamke akiambiwa "umsikilize" na mtoto wake yuko kaburini, haulizi aliyesema ni nani.

Kisu kilikuwa kimepauka, weusi umeingia kutu, weupe umefifia. Nikakisugua. Nikamimina kahawa kwenye karai, nikatia siki, nikatia maji ya betri. Nikakilaza.

Vipovu vikaanza. Tss... tss... Hivyo ni kawaida, chuma kikiliwa kinatoa vipovu.

Kisha vikapanga mwendo.

Hff... kimya. Hff... kimya.

Nikainamisha sikio mpaka nywele zikagusa kahawa. Ilikuwa pumzi. Pumzi fupi, yenye mkwaruzo kidogo puani, kwa sababu Karimu alizaliwa na mafua ambayo hayakumtoka. Na katikati ya uchungu wa kahawa na siki ikapanda harufu ya mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi niliyokuwa nampaka baada ya kumkanda, nyuma ya masikio na kwenye mikunjo ya shingo.

Nililia bila sauti, mdomo wazi, nimelishika karai kwa mikono miwili. Nilipokitoa kisu, pumzi ikakatika. Nilipokirudisha, ikaendelea.

Basi ikawa hivyo kila jioni. Pazi akienda msikitini magharibi hukaa huko mpaka isha, na saa hiyo moja ikawa yangu na mwanangu. Sikuogopa. Nadhani huo ndio ubaya wenyewe, kwamba sikuogopa hata kidogo. Nilioga, nikajipaka wanja, nikakaa kwenye kigoda kama mtu anayesubiri mgeni.

Na mwanangu alikuwa anakua.

Wiki ya kwanza ilikuwa pumzi na kwikwi. Wiki ya pili alianza kuguna. Jioni moja alicheka, kicheko chake cha kwanza, na mimi nikacheka naye peke yangu mle ndani mpaka mbavu zikauma. Baadaye zikaja "ta-ta-ta" na "bu-bu", na mlio mdogo, kt, kt, wa jino jipya kwenye bati la karai. Nilipiga hesabu ya miezi kwa vidole. Alikuwa anakimbia kunifikia. Wiki nne, tano, na angefika umri ambao angekuwa nao kama angekuwa hai. Mwaka na miezi miwili. Umri wa kusema neno.

Nililitaka neno hilo kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote duniani.

Mwanamke naye alikuwa anakuja. Kila jioni nikifunga kiwanda nilimwona pale mwisho wa mavi ya chuma, akitazama chini kama anayetafuta pa kupita. Tulikuwa hatusemeshani tena. Nilimzoea, kama unavyozoea mdai wa jirani. Nilichokiona bila kukitilia maanani ni mbeleko yake. Haikuwa bapa tena. Ilikuwa imeanza kushuka katikati, kama imebeba unga kidogo.

"Dada Mwanvua," Bariki akaniambia siku moja akinijazia dumu, "kazi zimechanganya huko kwenu? Madumu mawili kwa siku! Mtanimalizia Kalinzi nzima."

"Mawili ya wapi? Labda wewe ndiye unayekunywa, unanisingizia mimi," nikamjibu. Tukacheka. Mimi nilikuwa nachukua moja.

Siku hiyo ndipo nilipokitazama kisu vizuri. Kahawa na maji ya betri haviongezi kitu kwenye chuma, vinapunguza. Weusi wa maua ni jeraha. Springi huliwa, msumeno hugoma kuliwa, na tofauti yao ndiyo rangi. Hilo nalijua kuliko jina langu. Kisu cha kawaida unakiamsha mara moja tu, unakipaka mafuta, basi. Mimi nilikuwa nimekiamsha jioni arobaini. Nikakiinua kwenye mlango. Pale kwenye mistari myeusi niliona mwanga wa nje. Springi ilikuwa imelika hadi upande wa pili, imebaki mistari myeupe tu imeshikana kwa shida, kama miba ya dagaa.

Na ilikuwa imeliwa kuliko jioni arobaini. Mkono wangu unajua. Ilikuwa imeliwa mara mbili.

Nikaenda kwa Bi Hadija. Nilimkuta anachagua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umekonda."

Nikamwambia yote. Kisu, ua, dakika kumi, karai, pumzi, mwanamke. Hakuacha kuchagua mchele mpaka nilipofika kwenye mbeleko. Hapo vidole vikasimama.

"Shuka nimelizika," alisema. "Nililizika pamoja naye, chini ya mgongo wake. Sikutaka Pazi alione."

"Ulijua."

"Nimeosha watoto wengi, Mwanvua. Mama yeyote ana dakika zake kumi. Kama si kisu ni chungu jikoni, kama si chungu ni usingizi." Akausogeza ungo pembeni. "Lakini kisu cha maiti huoshwa kwa maji, kikarudi kazini. Chako hakikuoshwa. Kahawa ilikaukia juu ya tumbo la mtoto, ukakifunga hivyohivyo. Kama kuna kilichobaki, kimebaki humo."

"Ni yeye, shangazi? Ni Karimu kweli?"

"Mimi naosha maiti, sipigi ramli. Ninachojua ni kwamba wale wanaogopa chuma. Kitu kilichomo ndani ya chuma hawawezi kukichukua." Akanitazama kama siku ile ya shuka. "Mpaka chuma kiishe."

Nilitoka bila kuaga. Jua lilikuwa limeegemea ziwa. Nilikimbia, mimi mtu mzima, kanga mkononi, watu wakinishangaa barabarani.

Alikuwa amesimama mahali pake. Safari hii alinigeuzia mgongo. Mbeleko ilikuwa imejaa. Ilikuwa na uzito wa mtoto aliyelala, uzito unaovutia kitambaa begani. Pembeni, chini ya mkunjo, kilitokeza kisigino.

Kidogo. Cha mviringo.

Hakikuwa na vidole. Mguu ulikuwa haujamalizika.

Niliruka mabonge ya chuma nikaingia kiwandani kukitoa kisu popote kilipo, nikikaushe, nikipake mafuta, nikifunge. Pazi alikuwa ndani. Hakwenda msikitini. Alikuwa amepiga magoti mbele ya karai langu, ameinamisha sikio, kahawa imemlowesha ndevu.

Ta-ta-ta, karai likasema. Bu.

Tulitazamana.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu wiki ya kwanza. Nilirudi kuchukua kofia, nikakusikia unamsemesha." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefumaniwa. "Nikitoka msikitini alfajiri ndiyo saa yangu, na dumu la pili kwa Bariki ni langu. Leo nimeshindwa kungoja mpaka kesho."

"Kitoe, Pazi. Kitoe kwanza!"

Alikitoa. Kimya kikaingia. Nilikinyang'anya, nikakikausha kwa kanga, nikamimina mafuta ya mise kwenye kiganja nikakipaka taratibu kwa kuogopa kukivunja. Nilimwambia alichosema Bi Hadija. Kisha nikamwambia lile jingine, nikimpa mgongo, maana uso kwa uso nisingeweza.

"Siku ile kisu hakikuwa chini ya mto. Nilikuwa nimekitoa. Nilikuwa nakoleza ua."

Nikasubiri anipige, au aniache. Lolote lingekuwa nafuu.

"Najua," alisema. "Niliona karai."

"Mwaka mzima ulijua?"

"Ua halikuwa limefifia."

Sikuelewa. Nikageuka.

"Lilikuwa zuri," akasema Pazi. "Zuri kuliko yote. Nilikutania tu, Mama Karimu. Nilitaka ukasirike, unijibu, ucheke. Siku thelathini na nane ulikuwa mle chumbani, nilikukumbuka tulivyokuwa tunataniana hapa kiwandani. Nikakutania." Akajipiga kifuani kwa ngumi, mara moja, kama anagonga chuma. "Mimi ndiye niliyekutoa pale."

Tulikaa chini, mgongo wake kwenye fuawe, mimi ubavuni mwake, tukalia kama watoto waliopigwa pamoja. Huko nje kulikuwa kimya. Niliamini kwamba tumeshinda.

Tulikifunga kisu kwenye ngozi iliyolowa mafuta, Pazi akakining'iniza darini juu ya moto. Tukakubaliana hakishuki. Kikikaa pale, Karimu anakaa. Hatumsikii, lakini yupo kwetu, hakuna anayeweza kumbeba. Kikishuka, tutapata mara moja zaidi, neno moja pengine, na chuma kitakwisha. Hesabu ilikuwa nyepesi, hata mlevi angeipatia.

Tulivumilia siku tisa.

Sijui kama aliyevumilia siku tisa za namna hiyo anaweza kuhukumiwa. Siku ya kwanza tulizungumza juu yake, tukacheka vile alivyokuwa anapiga chafya. Siku ya tatu tuliacha kuzungumza. Siku ya tano nilimkuta Pazi amesimama chini ya ngozi ameinua uso, mikono nyuma, kama mtu anayesoma tangazo. Siku ya saba mimi ndiye niliyekutwa. Mwanamke alikuwa anakuja palepale, hasemi, anapigapiga mbeleko yake iliyojaa. Hakuwa na haraka. Nadhani alitujua kuliko tulivyojijua.

Siku ya tisa, baada ya alasiri, Pazi alisema, "Alikuwa karibu kusema."

Nikasema, "Najua."

"Mtoto hukaa miezi anafanya ta-ta-ta. Kisha siku moja..."

"Najua, Baba Karimu."

Sitasema ni mkono wa nani uliomshusha. Tulimshusha wote. Pazi alisugua kwa msasa laini kabisa, mimi nikamimina kahawa. Sikutia maji ya betri, nikidhani labda hivyo atakaa zaidi. Tukapiga magoti, huyu upande huu na huyu upande ule, vichwa vyetu vikakutana juu ya karai. Nikakilaza.

Hff... hff...

Harufu ya mise. Kt, kt. Akacheka kidogo, kile kicheko cha mtoto anayetambua watu waliomwinamia. Pazi alikuwa ananing'ata bega ili asitoe sauti.

Ta-ta. Bu-bu.

Mistari myeupe ikaanza kuachiana. Niliiona ikizama mmoja mmoja kwenye weusi wa kahawa. Lile ua la karibu na mpini lilikuwa la mwisho, duara ndani ya duara, halina doa. Lilikuwa zuri kweli.

Mmm...

Mmm-ma...

"Sema, baba," Pazi akanong'ona. "Sema."

"Mama."

Safi. Sauti ya mtoto wa mwaka mmoja aliyeamka usingizini na anataka kuchukuliwa. Hakulia. Aliita tu, kama anayejua ataitikiwa.

Nikafungua mdomo. Kilio cha mwaka mzima kilikuwa kimeziba njia, na neno halikupita. Nilivuta pumzi. Nilikuwa ndiyo navuta pumzi.

"Abee, mwanangu."

Ilitoka mlangoni. Laini. Yenye subira.

Kisha nikasikia mabonge ya chuma, ambayo hakuwahi kuyakanyaga kabla hajaitwa, yakikanyagwa, moja, mawili, bila haraka, halafu hatua zikageuka kuelekea ziwani. Zilikuwa hatua za mtu aliyebeba. Ukiwahi kubeba mtoto mgongoni unazijua. Nikatia mkono kwenye karai kumtafuta. Harufu ya mise ikapita mbele ya pua yangu ikatoka, na kwenye karai ikabaki kahawa.

Pazi alikuwa amejifunika uso kwa viganja. Alipoufunua uso, macho yake yalikuwa mekundu lakini yametulia, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu siku ya mazishi. Hakuwa ameangalia mlangoni. Alikuwa amefumba macho muda wote.

"Amekuita," akasema.

Mimi nilikuwa natazama mlango.

"Na umemwitikia." Alinishika mkono, akaukandamiza kwenye shavu lake lenye kahawa. "Nilikuwa nahofia kwamba atakuita, nawe utashindwa kwa kilio, aondoke hajajibiwa. Sauti yako ilikuwa tulivu mno, Mama Karimu. Nimefurahi. Amekwenda akijua mama yake amemsikia. Umemwitikia, si ndiyo?"

Mlango ulikuwa wazi nyuma yake. Nje kulikuwa na mwanga wa mwisho juu ya njia, na mavi ya chuma yalikuwa yametawanyika.

Nikamwambia ndiyo, nilimwitikia.